Bi Makisio na Chumba cha Nyuma

Kazi yake ilikuwa kukisia ni wanawake wangapi kisiwani wana virusi vya Ukimwi, na wangapi watakuwa navyo miaka ijayo. Usicheke. Ni kazi, ina ofisi na ina mshahara. Mtaani kwetu Mji wa Kale walimwita Bi Makisio, nami nitamwita vivyo hivyo, maana jina lake ni lake na sikumwomba ruhusa ya kulitangaza. Alizaliwa wapi, babake nani, ukoo wake upi, hayo nawaachia wapendao kuhesabu mababu. Mimi nilimjua kama jirani, ghorofa moja juu yangu, na kama mtu ambaye makisio yake yalikuja kutufungia chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya zahanati ya mtaani, unapita pale wanapopimwa watoto uzani, unakata kulia, mlango wa kijani. Ndipo kina mama walipopewa dawa. Aliyekijenga, Mungu amrehemu, alikuwa na akili, kwa sababu mwanamke akipita na mtoto begani hakuna wa kumuuliza waenda wapi. Asiye na mtoto aliazima wa jirani. Nimeona mtoto mmoja wa kiume, mnene, akipelekwa kupimwa uzani na wanawake tofauti mpaka muuguzi akasema huyu mtoto ana mama wengi kuliko nguo.

Mimi nilikuwa mama mshauri pale. Maana yake ni kwamba ninavyo virusi mwenyewe, navimezea dawa miaka na mikaka, na nikikaa mbele ya binti aliyeambiwa majibu yake leo, anatazama uso wangu na mikono yangu ilivyonawiri, anaanza kuamini kwamba hafi wiki ijayo. Ni kazi ya kuchosha. Unarudia maneno yale yale, unafuta machozi ya kila aina, na jioni unarudi nyumbani huna hamu hata ya kumjibu mtu salamu.

Bi Makisio alikuwa akija chumbani mara kwa mara, na bahasha yake na viatu vyake vya ngozi vilivyoliwa kisigino upande mmoja. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Akiingia alisema sabalkheri, akakaa, akamwaga maswali. Muuguzi alimwogopa. Wanawake walimpenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwahi kuwatazama kwa huruma.

Siku moja, tukisubiri dawa zifike, walimuuliza anawajuaje wanawake wa kisiwa kizima na hajaingia nyumba zao. Akacheka. "Nyinyi mkipika mchuzi, hunywa chungu kizima ndio mjue chumvi?" Wakasema la, tunaonja kijiko. "Basi kijiko changu ni wajawazito. Mwenye mimba huja kliniki, kliniki humpima, nami huonja hapo nikajua chungu kikoje."

Zuhura ndiye aliyemjibu. Alikuwa binti wa Majengo, ameolewa kwenye nyumba moja ya watu wazito hapa Mji wa Kale, na majibu yake aliyapata kliniki akiwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikataa kupimwa. Mama mkwe hakujua lolote. Kila mwezi alikuja na mtoto wake mgongoni, akameza kidonge cha kwanza pale pale, vya nyumbani akavificha ndani ya pakacha la vitunguu. Akasema, "Bi, lakini mchuzi usipokorogwa, chumvi yote hukaa chini."

Bi Makisio akamtazama, akatikisa kichwa. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mwanangu. Asiye na mimba simuonji. Mjane simuonji. Aliyekoma kuzaa simuonji. Nakisia tu." Na akarudi kwenye bahasha yake.

Wanawake wetu nao, Mungu awasamehe, walikuwa na tabia ya kumchafulia kijiko. Wa Mji wa Kale hukimbilia kupimwa Majengo ili asionekane. Wa Majengo hukimbilia Makupa. Wa Makupa huja kwetu. Kila mtu anapimwa kwa jirani, akiulizwa anakaa wapi anataja mtaa wa jirani huyo huyo, uso mkavu. Mwanzo mwanzo Bi Makisio aliandika hivyo hivyo walivyosema, ikatokea kwamba mtaa mmoja ni safi kama sahani ya Idi na mwengine umeoza. Alipogundua alikasirika siku nzima, kisha akaja na dawa yake. Akawaambia wauguzi wasiulize tena "wakaa wapi?" Waulize, "Mkate wa mofa wa asubuhi wanunua kwa nani?" Mwanamke yuko tayari kudanganya nyumba yake, mtaa wake, hata jina la mumewe, lakini ukimuuliza mkate atakutajia, tena ataongeza kwamba siku hizi yule mama anapunguza unga. Kwa mkate, Bi Makisio akamrudisha kila mtu kwao.

Nyumbani alikuwa mtu mwengine kabisa. Huyu aliyekuwa hadanganyi ofisini, sokoni alidanganya kama hana akili nzuri. Marikiti pale alikuwa akisimama mbele ya muuza nazi, akashika kifua, akasema jana amenunua nusu ya bei hiyo kwa fulani, na huyo fulani hayupo duniani. Umri wake alikuwa anaushusha kila mwaka. Alilia kwa tamthilia za Kituruki mpaka nikagonga dari kwa ufagio nikidhani amefiwa. Lakini mtu akifa kweli mtaani, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, macho makavu, mikono imekunjwa, anauliza kisu kiko wapi akate vitunguu. Harusi, hitma, arobaini, hakuna sufuria mtaani iliyopikwa bila mkono wake kuingia. Pilau wakati mwengine walimngoja yeye aje ndio mchele utiwe.

Hakupenda kuombwa ambashirie mtu. Wanawake walikuwa wakimfuata, "Bi, nami nitaishi mpaka nimuoze mwanangu?" Akawajibu kwa ukali, "Mimi si mpiga ramli. Nawajua wengi, mmoja simjui." Kwangu alikuwa mkali zaidi. Mwaka ule nilipokaribia hamsini aliniambia ngazini, bila hata kuweka kikapu chini, "Mdogo wangu, mwakani wanitoka."

"Nakutoka naelekea wapi?"

"Hesabu yetu kubwa huishia arobaini na tisa. Ukifika hamsini, hutajwi."

"Kwa hivyo nimepona?"

"Hujapona. Hutajwi tu."

Tulicheka pale ngazini mpaka mpangaji wa chini akafungua mlango kututazama. Nilipoingia ndani mwangu nilikaa kitini nikachoka ghafla. Umeze dawa miaka yote hiyo, uamke kila siku, kisha ufike umri ambao hata ugonjwa wako hauna wa kuuhesabu.

Sasa nije kwenye chumba. Kilichotuponza ni habari njema. Dawa zilikuwa zinafanya kazi, watoto wanazaliwa salama, mabinti wanajikinga zaidi kuliko tulivyojikinga sisi, na kwa hivyo wagonjwa wapya katika mtaa wetu walikuwa wanapungua. Bi Makisio aliona hivyo kabla ya mtu mwengine yeyote, akatazama na miaka iliyo mbele akaona watazidi kupungua. Wakubwa wakasikia neno hilo moja tu, kupungua. Wakasema chumba kifungwe, kina mama wahamie zahanati kubwa kule Makupa, waende wakapange foleni pamoja na watu wote. Kilichobaki ni karatasi ya mwisho ya makisio, na aliyeiandika alikuwa anakaa juu ya kichwa changu.

Nikapanda ngazi. Nilimkuta jikoni anamenya vitunguu thaumu, kilo nzima, vya hitma ya jirani.

"Dada," nikamwambia, "kalamu iko mkononi mwako. Ongeza kidogo tu, kina mama wachache, chumba kisifungwe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wewe utajua, na mtu atakufa. Kipi kizito?"

Akaendelea kumenya. "Sikiza. Dawa zatoka kapu moja. Nikiandika kwenu kuna wanawake ambao hawapo, nimewachukulia walioko Majengo, walioko Changamwe, wenye roho zao. Wao nitawaambia nini?"

"Basi angalau sema chumba kibaki."

"Nimesema. Nimeandika kwamba wakihamishwa, wengi watakwenda, na wachache watakatika njiani. Wamesoma. Wamesema wachache si hoja."

"Wachache hao ni kina nani?"

"Sijui. Hesabu haina majina."

"Mimi ninayo majina. Wa kwanza ni Zuhura. Zuhura haendi Makupa, yule mkwe wake hamruhusu hata kwenda..."

"Usinitajie!" Akakitupa kisu ndani ya sinia. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Ukinitajia jina mimi siwezi tena kufanya kazi. Nenda zako, mdogo wangu. Tafadhali, nenda."

Nikashuka. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Niliona mtu mzima mwenye elimu, mwenye heshima yake, amekumbatia ukweli wake na sisi tunazama. Siku hizi namwelewa zaidi, lakini hasira ile sijutii, ilikuwa haki yangu.

Chumba kikafungwa. Walipaka mlango rangi nyeupe, wakatia ndani viti vibovu. Mimi walinihamishia Makupa, nikapewa benchi na meza upande wa dirisha la dawa. Hapo Makupa malori yanapiga honi tangu alfajiri, vumbi linaingia mpaka kwenye vikombe, na dirisha letu liko mwisho wa ukumbi, limeandikwa namba tu, lakini kila mtu anajua dirisha la mwisho ni la nini. Wanaokuja kuchukua dawa za presha na za sukari wanakaa benchi hilo hilo, macho yao kwetu. Kina mama wa Mji wa Kale wengi walikuja, kama ilivyokisiwa. Waliteremka tuktuk mbali, wakajifunika nyuso. Zuhura alikuja mara mbili. Halafu mumewe akafa.

Kifua, walisema. Sote tulisema kifua. Zuhura akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mkwe, nguo nyeupe, hatoki. Naomba nieleweke. Eda haimkatazi mgonjwa kufuata dawa, sheikh yeyote atakwambia. Wanaokataza ni watu. Ili atoke ilibidi aseme anakwenda wapi na kwa nini, na zamani, wakati chumba kiko hatua chache, angesema mtoto anapimwa uzani na ingekwisha. Makupa huendi kupima mtoto uzani ukiwa edani.

Waniuliza kwa nini sikumpelekea mimi? Kwa sababu mtaa mzima wajua kazi yangu. Mimi nikisimama mbele ya mlango wa mtu, huo mlango umeshatangazwa. Nilipita nyumba ile mara nyingi, natazama dirisha la juu, nahesabu moyoni vidonge vyake vimekwisha lini, na miguu haithubutu kusimama. Nilimtuma mtu mwengine, akaogopa. Nilipiga simu, ikapokewa na mkwe, nikasema samahani nimekosea namba. Usiku nilikuwa nalala kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Na Bi Makisio wakati huo alikuwa amestaafu. Hatukuwa tukisemezana zaidi ya salamu. Nilimwona akiteremka na birika lake la kahawa asubuhi, akienda kuwasalimu wafiwa kama ilivyo ada yake, nami nikasema moyoni, yake yamekwisha, anapumzika.

Basi siku moja ya joto, ukumbi umejaa, nikainua kichwa mezani pangu nikamwona amekaa kwenye benchi la dirisha la mwisho. Bi Makisio. Buibui lake la siku zote, viatu vile vile. Nikaondoka mezani nikaenda nikakaa ubavuni mwake, na tangu siku ya vitunguu hatujakaa hivyo.

"Dada," nikanong'ona. "Nawe? Tangu lini?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto mpumbavu. "Nani, mimi? Mimi mzima." Akaegemea sikio langu. "Ni za yule mtoto wa eda. Muuguzi ameongea naye kwa simu yangu, nikiwa chumbani kwake, mkwe yuko jikoni. Ameniandikisha kuwa mchukuzi wa dawa zake. Hii ni mara ya tatu naja, wewe huwa umekwenda kula."

Nilikuwa nimeshamzika Zuhura moyoni mwangu, nasubiri kutangaziwa tu.

"Nakwenda kumpa pole," akasema, "nani atanikataza? Mimi ni kizee cha vilio. Naingia na kahawa, vidonge viko kikapuni chini ya birika. Ameze mbele yangu ndio niondoke. Mara ya kwanza alikuwa amekonda, mikono yote mifupa. Sasa ananinunia, asema vidonge vyamtia njaa. Na ale, si ndio!"

"Na kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia, ungekuja kupita chini ya dirisha lake kila siku kama ulivyokuwa ukipita. Wafikiri hawakuoni?"

Pale pale ndipo alipotokea mbele yetu mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye duka la leso, amekuja kwa presha yake. Huyu mama ni mtu mwema, sina neno naye, ila jambo likiingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri limefika Kibokoni na jioni limevuka feri. Alimwona Bi Makisio, akaona dirisha, macho yakamtoka. Akakaa kwenye benchi, upande wa pili, taratibu.

"Masalkheri, Bi. Hata wewe wafuata dawa Makupa?"

"Hata mimi."

"Presha?"

Kwenye dirisha muuguzi akaita namba. Bi Makisio akainuka, akaweka mkono kiunoni, magoti yake siku hizi hayampendi. Muuguzi akasukuma mfuko wa khaki, na ndani yake chupa zikagongana kwa ule mlio wao ambao sisi tunaujua hata tukiwa usingizini, ndio maana wengi wetu huzitia pamba. Mama wa leso akausikia. Akasimama kabisa, shingo ndefu, na nikaona anavyopiga hesabu: huyu hakai na mtu, jana alikwenda kumpa pole nani, ni nani mgonjwa katika nyumba ile.

"Dawa za nani hizo, Bi?" akauliza, na waliokuwa benchini wakageuza shingo.

Nilitaka kusema mimi. Nilitaka kusema zangu, mimi najulikana, halinidhuru tena. Lakini mimi dawa zangu huchukua ofisini, wote wajua.

Bi Makisio akautia mfuko ndani ya buibui. Akageuka, akamkabili yule mama uso kwa uso.

"Zangu," akasema.

Yule mama akasema Mungu atakupa shifaa. Bi Makisio akasema amin, akatoka zake nje kutafuta tuktuk, mapema kidogo ili amuwahi Zuhura kabla mkwe hajarudi kutoka sokoni.

Zuhura alimaliza eda yake. Amerudi kwao Majengo na mtoto, amenenepa, anauza sare za shule, na dawa anachukua mwenyewe bila kuazima mtoto wa mtu. Siku zile zile mtaani walianza kumwambia Bi Makisio apumzike, asijisumbue na vitunguu, wapo wasichana. Pilau sasa hutiwa mchele bila kumngoja. Juzi kulikuwa na hitma nyumba ya pili kutoka kwetu, tukakaa mimi na Bi Makisio kwenye mkeka karibu na mlango. Sinia la kahawa likapita, kila mtu akachukua kikombe, akanywa, kikaenda kwa mwengine. Likafika kwetu. Binti wa nyumba akaangalia chini, akatuwekea viwili pembeni, vya plastiki, kimoja changu na kimoja chake.